Majibu ya Bibiane Haiko ya Bwana Yake

Likasi, Shituru, tarehe 14 Juni 1986

Mama yangu Albertine,

Jambo mingi, ya kukutosha weye, Baba na majirani benye kuwa karibu na mulango banasikiliza. Minye mutoto yako Hilaire niko muzima. Ninakula, ninalala, ninanenepa kidogo ku mashavu, na wasichana ya Shituru bameshaona, ila banajifanya hawaoni. Weye namna gani? Ile magoti inakubali kupanda kilima, ao ingali inalia sawa mulango ya zamani? Na kikohozi ya Baba? Na ile mbuzi yenye ilikula kikwembe yako ya Pasaka, mungali munaichunga ao mulishaikula? Kama minye ningekuwa kule Kakanda, ingekuwa supu zamani.

Anne, mudogo yangu, weye mwenye kusomea Mama hii barua, usome yote. Hapa ndani kuko maneno ya mwili ya bamama, na ninakujua: unapenda kuruka katikati na kusema "kisha anasalimia bantu bote". Leo hapana. Kama sauti inakukatalia, kunywa mayi, endelea. Mama, kama anasimama, mufinye sikio.

Mama, ujumbe yako ilinifikia. Ule dereva ya camion alisimama mbele ya atelier yangu ya mavelo (sasa ninasema atelier, sababu niko na pompe mupya ya kujaza pumzi mu magurudumu na kiti ya baclients), akasema na sauti ya kuuzisha samaki kama yaya Bibiane, dada yangu mukubwa, afunge bintu yake, arudie Kakanda, tantine Philomène atamupikia mizizi, na asitoke inje mpaka bantu basahau. Baclients bote bakasikia. Minye nikacheka, nikamuambia dereva asante. Kisha nikafunga cheni ya velo ya muntu kinyume, juu ya hasira.

Basahau nini, Mama? Aliiba? Alichoma nyumba ya muntu? Yaya anakaa kwangu, anadeki chumba yangu mpaka ninaogopa kuingia na viatu, analia wakati anafikiri sisikii, na ku Kakanda munamutayarishia fasi ya kumuficha sawa mukungu ya bandizi. Octave, baba mukubwa ya Léon bwana ya yaya, aliwatumia habari ya nusu, na mulikula nusu mukashiba. Basi leo ninawapa nusu ingine. Minye nilifika deuxième secondaire tu, hiyo ninajua, haina lazima Anne acheke. Lakini hii maneno ninaijua kupita Octave na myaka yake yote.

Ilianza hivi. Kisha misa, masœur Colette, mutawa mwenye kuongoza dispensaire ya Sainte-Rita, aliita bamama ya parokia. Akasema bote benye kuzaa ao kuolewa bakuye kufanya kipimo yenye banaita frottis, hata kama hawasikie maumivu yoyote. Zaidi benye hawasikie maumivu, akasema, sababu ile ugonjwa yenye anatafuta haipigi hodi. Yaya akaenda, unamujua, masœur akisema kunywa mafuta ya taa, yaya atauliza kikombe. Anasema unalala ku kitanda, munganga anachukua kijiti ya mbao, anapangusa kidogo shingo ya kizazi, pale mulango ya nyumba ya mutoto, anapaka ku kioo kidogo, kioo inaenda Lubumbashi, na kule bantu banaangalia na microscope. Haiume. Yaya anasema iko sawa kupanguswa sikio na kitambaa ya baridi, ila haiko mu sikio. Anne, endelea.

Sasa sikia jinsi majibu ilirudi. Hapa Likasi, Mama, unajua, kila kitu inatembea mu namba ya kazi yenye mwanaume anapewa ku usine ya shaba. Unga ya posho, namba ya bwana. Nyumba, namba ya bwana. Masomo ya batoto, hata mbao ya sanduku siku unakufwa, namba ya bwana. Mwanamuke hana namba yake, eko ndani ya ile ya bwana yake sawa mufuko ndani ya koti. Na dispensaire nayo ilishika desturi ile ile. Ni yaya alilala ku kitanda, ni yaya aliogopa, mwili ni ya yaya, lakini majibu ilipofika, hawakumuita yeye. Balituma muntu ku mulango ya usine kumuita shemeki Léon, sawa vile ni radio yake ilikuwa mu kutengenezwa!

Ule mujumbe akamuambia Léon: kipimo ya bibi yako haikuwa muzuri, masœur anakungoja. Njo hiyo tu. Na Léon, mwanaume ya mabega kama kabati, mwenye kusukuma mawe ya moto mu usine bila kuogopa, hakuenda. Alienda kumuuliza baba mukubwa Octave.

Unamukumbuka Octave ku ndoa, yule mwenye alisema hotuba mpaka wali ikapoa. Alikuya hapa wakati ya Babelgia, kijana ya kutumika mu mine, na kichwa yake ingali inakaa kule. Akasema yeye anajua ile kipimo. Wakati yao, banamuke benye hawana bwana mu cité ya bafanyakazi balikuwa banaitwa ku munganga, banaangaliwa chini, kisha banapewa karte yenye muhuri. Bamama ya ndoa hawakuguswa. Kwa hiyo, akasema Octave, kipimo ya chini ni ya malaya, na kama malaya majibu yake ni mubaya, basi alitembea inje ya ndoa. Ameshakata. Munganga, juge na padri, bote ndani ya muzee mumoja na pipe yake.

Na hivyo, Mama, begi ya mutoto yako iliwekwa inje. Hakuna muntu alimuambia majibu. Alipouliza Léon, Léon aliangalia ukuta, akasema "unajua kitu ulifanya." Alipoenda dispensaire, msichana ya ku mulango akamuambia majibu inaambiwa bwana, bwana akuye. Fikiri weye. Bwana anasema unajua, dispensaire banasema ni bwana wa kujua, na muntu mwenye eko na kitu ndani ya tumbo yake njo yeye peke yake hajui! Kila wakati alikuwa anaweka mukono ku kitovu, anauliza minye kama ninaona imevimba. Minye ninajua nini? Minye natengeneza mavelo.

Basi nikatengeneza hii.

Ndani ya begi ya yaya kulikuwa abacost ya Léon, ile koti yake ya rangi ya kahawia, sababu alikuwa ameichukua kushona kifungo. Nikaivaa. Mikono ilikuwa mirefu, nikaikunja ndani. Nikapaka mafuta ku kichwa, nikatembea polepole sawa muntu mwenye kudai heshima kwa ulimwengu muzima. Yaya alicheka, mara ya kwanza tangu akuye kwangu, akasema ninafanana na commissaire ya wilaya ya kuku. Namba ya Léon ninaijua kupita siku yangu ya kuzaliwa, sababu mara ngapi nilimubebea yaya unga ya posho? Ku mulango ya dispensaire nikasema namba, nikasema niko Léon, bwana ya Bibiane, na nimekuya kusikia. Hawakuuliza kitu ingine. Namba iliingia, minye nikafuata nyuma.

Yaya akabakia mu barabara ya ndani, ku benchi. Masœur Colette ni muzee mufupi, macho ya bluu yenye kuuma. Aliniangalia, akasema niko kijana kupita namna alifikiri. Nikamujibu ni bukari yenye bibi yangu anasonga. Hakucheka. Alifunga mulango, akakaa, na hakuanza na yaya. Alianza na hasira.

Hapa, Mama, keti vizuri.

Alisema: "Kumbe unajua njia ya kufika hapa." Alisema alinitumia muntu, minye Léon, mara na mara juu ya majibu ya Simone, na sikukuya. Alisema alikuwa ananingoja, kila mara mulango inafunguka anafikiri ni minye. Simone alikuwa amefanya ile ile kipimo, na majibu yake ilikuwa ile ile ya Bibiane, kitu ya kutoa mapema na kuendelea kuishi. Simone alirudia nyumbani, hakuambiwa, akafikiri kama banaganga banakaa kimya basi iko muzuri. Wakati alirudi, balimubeba, na damu ilikuwa haisimami. Masœur akaniuliza kama ninalala vizuri.

Mama, ni Simone yule yule, bibi ya kwanza ya Léon, mwenye tulikuta ameshakufwa wakati tulikula ndoa ya yaya. Tuliambiwa nini? Tuliambiwa ndugu zake ya Kolwezi balimuloga. Mama yake hawakumupa hata ruhusa ya kukaa karibu na sanduku. Na weye pia ulikuwa unasema "ile familia ya bachawi". Nilikusikia, nilikuwa pale.

Nilikuwa nimekaa ndani ya koti ya ule mwanaume, ninasikia matusi yake, na matusi yote ilikuwa ya haki. Lakini unajua mudomo yangu, hata mu kanisa haikae. Nikamuuliza: na Simone mwenyewe, masœur, sababu gani hamukumuambia yeye? Alikuwa na masikio. Alikuya hapa na miguu yake.

Akasema ilikuwa desturi. Majibu ya bibi inaambiwa bwana.

Nikasema basi ile desturi ilisaidia Léon kumuzika. Nilisema hivyo, Mama, kwa mutawa, na sijaenda kuungama, na siendi.

Kisha akaangalia mikono ya abacost, jinsi imekunjwa ndani, akaangalia vidole yangu na mafuta ya cheni yenye haitoke hata na sabuni ya mawe. Akaniuliza mu Kiswahili ya pole: "Weye ni nani, kabisa?" Nikamuambia. Nikangoja anifukuze. Hakunifukuza. Alisimama, akafungua mulango yeye mwenyewe, akaita yaya na jina yake, akamukalisha ku kiti yenye nilikuwa nakalia, na akamuambia: "Mama Bibiane, haya ni majibu yako. Ilifaa weye usikie kwanza, kupita muntu mwingine yeyote. Unisamehe."

Sasa nitakuandikia yote yenye alisema, sababu yaya alinituma nisiache hata kidogo.

Kwanza: haiko kansere. Tantine Philomène asikie vizuri, haiko kansere. Ile ngozi ya ku shingo ya kizazi imeanza kubadilika, chembe zake hazifanane tena na zingine. Kwa bamama wengine inarudia sawa yenyewe, kwa wengine inaendelea polepole, myaka na myaka, bila maumivu, mpaka siku moja inakuwa kansere, na pale njo inaanza kutoka damu, na pale munganga eko na kazi nguvu. Minye nikasema ni sawa kutu ku chuma ya velo. Ukiona doa ya kutu, velo haijavunjika. Unakwangua, unapaka, unapanda. Ukisema "ah, ni doa tu", siku moja uko mu mutelemko ya Kamatanda na chuma inakatika. Masœur akasema si vibaya kwa muntu ya mavelo. Unaona? Mutoto yako banamusifu mpaka mu dispensaire.

Pili: kijiti haisemi kama unaugua kabisa. Inasema tu "angalia hapa tena". Kwa hiyo sharti aende Lubumbashi, munganga aangalie na lensi yenye kukuza, akate ile kipande mubaya, na kipande yenyewe ipimwe. Kisha kila mwaka arudie kufanya frottis.

Tatu, na hii nataka Anne asome na sauti kubwa, mulango ikiwa wazi: ile kipimo haijui habari ya banaume. Yaya aliuliza yeye mwenyewe. Masœur akasema banaganga ya Ulaya bameanza kuona kuko kadudu kadogo, kadogo kupita macho, kanapita kati ya bwana na bibi, kanaweza kulala myaka bila muntu kujua. Bwana anaweza kukaleta toka zamani na hajisikii kitu. Hakuna munganga mu dunia mwenye anaweza kuangalia kile kioo na kusema ni nani, ni siku gani. Lakini Octave aliangalia moshi ya pipe yake na akajua! Na kama tunataka kuhesabu nani alileta nini, Mama, hesabu mwenyewe: mwanaume mumoja, banamuke mbili, ugonjwa moja. Masœur hakusema hivyo. Alisema haifae kumuhukumu muntu. Minye ninasema, sababu minye sikuapa kitu mu kanisa.

Nilienda kumungoja Léon ku mulango ya usine, wakati sirene ilipiga. Nilitaka kumupiga. Eko mukubwa sana, basi nilibakia ku kutaka. Nikamuuliza tu: Simone. Ukuta yote ya muntu ikaanguka, Mama. Alikaa chini ku majani na kofia yake ya kazi mukononi. Akasema ile mara ya kwanza aliogopa, alifikiri kama hasikii majibu, majibu haitakuwa. Na ile mara ya pili aliogopa tena, lakini baba mukubwa alimupatia kitu ya rahisi kupita woga: alimupatia hasira. Akanilomba nisimuambie Octave ameshalia. Sikumuambia Octave. Ninakuambia weye.

Nilirudia, nikamuelezea yaya. Hakulia. Alikuwa anachambua majani ya sombe, akaendelea kuchambua. Kisha akasema hataingia mu nyumba ya Léon mpaka Léon aende Kolwezi na miguu yake, akae mbele ya mama ya Simone, na aseme ilikuwa nini. Baada ya pale ataona. Minye nilifikiri atasema maneno ya kulainisha, namna munafundisha banamuke. Hakusema.

Sasa kuko jambo ya mwisho, na hii sikuiandika ku mwanzo sababu ungemutuma Anne kutafuta camion mbele ya kumaliza kusoma.

Kule Lubumbashi munganga hakati mwanamuke ya ndoa bila bwana yake kukubali na mukono yake. Masœur alitutolea ile karatasi siku ile ile ya majibu. Aliiweka ku meza, akaniangalia, akasema anaenda ku dirisha kidogo kuangalia ma-shu, kabichi zake, mu bustani. Aliangalia ma-shu muda murefu, na mu ile bustani kulikuwa shu tatu. Minye nikashika kalamu. Nimetia sahihi ya Léon, Mama, na mukia ndefu ku L, muzuri kupita ya yeye mwenyewe. Kama ni zambi, ni yangu, yaya hakushika kalamu. Kama ni gereza, muniletee bukari.

Na tulishaenda. Wakati ninakuandikia, ile kipande imekwisha kukatwa, na yaya eko nyuma yangu ku kitanda yangu, anakunywa chai, ananikosoa maandiko. Anasema ilimuuma kidogo, na damu ilikuwa kidogo, na habebe mayi mpaka apone. Minye ninabeba. Shituru yote inaniona na ndoo ku kichwa, na bacheke. Kipande bamekwisha kutuma kuipima. Pengine munganga alitoa yote, pengine iko kitu ingine ya kufanya, hatujui bado, na sitakuandikia uongo kama tunajua. Masœur aliapa, majibu ikifika, itaambiwa yaya ku sikio yake. Sitavaa tena koti ya muntu.

Basi Dimanche, siku ya misa, Octave na bandugu yake bakikuya Kakanda kuvunja ndoa, kumurudisha yaya kwa maneno sawa sufuria yenye kutoboka, musibakatalie kiti, tuko na adabu. Lakini weye na Baba musiinamishe kichwa. Bakisema kipimo, mujibu mumewasikia, na mubasomee hii barua toka juu mpaka chini. Bakisema arudie Kakanda, museme mutoto yetu hayuko hapa, eko Likasi anapona. Na mizizi ya tantine Philomène, amupatie Octave.

Na weye, Mama, uliza masœur ya kule Kakanda kama banafanya frottis. Ulituzaa batoto saba. Usiniambie uko muzee. Ninajua uko muzee. Njo sababu.

Salamu kwa Baba, mumuambie atatukana kisha kusoma, si mbele. Salamu kwa Anne, mwenye amesoma vizuri, nitamuletea kengele ya velo. Salamu kwa tantine Philomène, bila mizizi. Yaya anakusalimia sana, amekataa nimuandikie neno, anasema ataandika yeye mwenyewe siku anajua majibu yake.

Minye mutoto yako mwenye kukupenda na kukusumbua,

Hilaire
fundi ya mavelo, Shituru